Njia ya Baiskeli Nyuma ya Msikiti

Kwa miaka kumi na kitu niliosha maiti wa kike katika msikiti mdogo mashariki mwa Toronto, jengo ambalo zamani lilikuwa ghala la mazulia. Mchana nilikuwa karani kwa daktari wa meno. Nikipigiwa simu naomba ruhusa, naenda. Watu hudhani kazi ile inataka moyo mgumu. Inataka mgongo mzima na mahali pa kuingilia, basi.

Mahali pa kuingilia tulikuwa napo. Nyuma ya jengo palikuwa na kiuwanja, upana wa magari mawili, kati ya ukuta wetu na reli. Gari la maiti lilirudi nyuma mpaka mlangoni, tukashusha, tukafunga, hakuna jicho lililoona. Mama yangu, niliyekuwa nikiishi naye, alikuja siku moja kunisaidia kukata sanda. Akakitazama kile kiuwanja, akaridhika kuliko nilivyowahi kumwona akiridhika na kitu chochote cha Kanada.

"Mimi nipitishe hapa hapa, mwanangu," akaniambia. "Usije ukanianika barabarani, watu wakanitazama."

Nikamwambia sawa, Mama. Tukaendelea kukata sanda.

Kisha ikaja barua ya Jiji. Walitaka kujenga njia ya baiskeli kando ya reli, na sheria inawaruhusu kutwaa ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma na kumlipa fidia, atake asitake. Ndani ya bahasha kulikuwa na fomu, na kwenye fomu swali: eneo hili mnalitumia kwa shughuli gani?

Nikapewa mimi niijaze, kwa kuwa Kiingereza changu ndicho kilichoaminika. Mwenyekiti wa kamati, mzee wa Mombasa muuza vitambaa, akasimama nyuma ya kiti changu.

"Usiandike maiti, dada yangu. Ukiandika maiti watatuletea watu wa afya, watatufungia na chumba chenyewe cha kuoshea. Andika mizigo."

Chumba kilikuwa safi kuliko jiko langu, na kibali chake kilikuwa kimetundikwa ukutani. Lakini sisi tuliohamia huogopa fomu hata tukiwa na kibali mkononi. Nikaandika: kushushia mizigo.

Afisa wa Jiji alikuja mwenyewe kupima, mwanamke wa makamo, akavua viatu bila kuambiwa. Alipomaliza akakunja utepe wake, akatutazama.

"Ni mizigo tu?" akauliza. "Kama kuna matumizi mengine niambieni sasa. Ng'ambo ya reli pana nafasi, naweza kuomba njia ihamishiwe huko."

Mwenyekiti akaangalia soksi zake. Nami, ambaye juzi yake tu nilikuwa nimempitisha mtoto wa watu mlango ule, nikajibu, "Mizigo tu." Hakuna aliyenishika ulimi. Yule afisa alikuwa akiniomba ukweli, na mimi nikamtabasamia.

Njia ikajengwa. Fidia ikanunua zulia jipya la kijani, watu wakalisifu. Nyuma zikabaki hatua mbili, kisha lami ya baiskeli na kibao cha kukataza magari. Mbele kuna ngazi na kona ambayo machela yetu ya magurudumu haipindi. Kwa hiyo maiti wakawa wanashushwa barabarani na kusukumwa juu ya njia ya baiskeli mpaka mlango wa nyuma. Majira ya baridi hapakuwa na mtu, na majira ya joto nilijizoeza kutoyafikiria.

Mama alifariki mwezi wa Julai, siku ya Jumamosi, jua limewaka. Sikulia. Nilikuwa nimekufa ganzi tangu hospitali, na hata leo sijui ganzi ile iliisha lini, au kama iliisha. Wenzangu wanne wakashika kanga kuizunguka machela, nami nikasukuma. Upepo wa reli ukazipeperusha kanga. Baiskeli zikasimama mbele yetu na nyuma yetu. Chache zikapiga kengele, nyingi zikangoja tu. Hawakuwa watu wabaya. Walikunywa maji yao na kututazama, kama ambavyo mtu yeyote angetazama.

Mzee mmoja wa Kizungu akashuka kwenye baiskeli yake, akaiegemeza kwenye ua. Akawainulia wenzake mkono wasipite, akanijia.

"Naona mmeelemewa," akasema kwa upole. "Mmebeba nini? Niwasaidie kusukuma?"

Wenzangu wakanigeukia mimi, mwenye Kiingereza. Mkono wangu ulikuwa karibu na miguu ya mama yangu.

"Mizigo tu," nikamwambia, nikaendelea kusukuma.