Pikapu ya baba yangu inaenda kumlipia mahari mke mwenzangu

Admin, nifichie jina, Bariadi tunajuana. Nina miaka thelathini na sita, nimeolewa, nina watoto wanne. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Mimi nauza spea, na injini nilifundishwa na baba yangu mzazi kule Mwamanyili, enzi anabebea watu pamba kwa pikapu yake.

Baba alipofariki, kaka zangu waligawana ng'ombe, pikapu wakaniachia huku wanacheka. Kuku walikuwa wanatagia kwenye siti. Tukaivuta hadi kwangu. Kila fundi alitaja mwaka tofauti wa kutengenezwa kwake, na spea nilizonunua zikawa zinagoma kuingia, mpaka nilipokwangua rangi kwenye kibati cha chesisi nikasoma namba, nikajua ni toleo gani hasa. Mume wangu akachomelea sakafu iliyooza, mimi nikafumua injini. Ilichukua miaka. Siku ilipowaka nililia kama mtoto. Kadi ya gari tukaandika jina la mume wangu, maana kwetu mke akiandika mali kwa jina lake, wakwe wanasema anajiandaa kuondoka.

Mwezi uliopita akaniita. "Mama Kulwa, nataka kuoa. Usiwe na wasiwasi, wewe ndiye mkubwa, hakuna wa kukutoa."

Nikamuuliza ng'ombe wa mahari atawatoa wapi. Akaangalia chini. "Baba wa binti, yule mzee wa Mkula, hataki ng'ombe, anasema malisho hakuna. Ameipenda pikapu."

"Ya baba yangu?"

"Bodi nimechomelea mimi. Na kadi inasema ya nani?"

Nilidhani nitapiga kelele. Sikupiga. Nilienda kusonga ugali, tukala wote.

Baadaye huyo mzee akaja kuiangalia. Mtu mpole kabisa, ananiita mama kwa Kisukuma. "Mayu, asubuhi ya baridi unaiwashaje?" Nikamweleza vizuri: avute choki, asikanyage mafuta, aisikilize kwanza. Akashukuru, "Wabeja mayu, umeitunza." Sina hasira naye. Sina hasira na mtu yeyote, na hilo ndilo linalonitisha. Mdogo wangu wa kike ameniuliza kama nimerogwa. Anasema angekuwa yeye angemwaga sukari kwenye tenki. Nikamjibu kwamba sukari haiui injini, inaziba filta tu. Akakata simu.

Jumamosi wanakuja kuichukua. Jana mume wangu ameniomba niisafishe kabureta, isije ikazimika njiani ikamtia aibu ukweni. Nikaitikia, "Sawa, Baba Kulwa." Nimeifungua na kuisafisha, vipande vyake vyote viko hapa mezani ninapoandika. Hapa nyumbani hakuna mwingine anayejua kuirudishia.

Msinitukane, ndugu zangu, nimechoka hata kulia. Nishaurini tu: niifunge, au niiache hivi hivi mezani wakute?