Bafu la Darini

Mama Sindano alihamia kwa wifi yake, dada wa mumewe, akiwa na cherehani, masanduku mawili na machozi ambayo bado hayajakauka. Mumewe alikuwa amefariki, nyumba waliyokuwa wamepanga ilikuwa imemshinda, na alipokuwa akijiuliza aelekee wapi, simu ikalia.

"Chumba cha darini kiko wazi," wifi alisema. "Njoo na cherehani yako."

Hakuuliza atakaa kwa muda gani, wala baadaye hakuwahi kuuliza.

Wifi mwenyewe alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha. Alikuwa amewazalisha wanawake wengi wa mtaa ule, na mpaka leo aliongea na watu wazima kana kwamba wote wako leba. Kitu kimoja hakukiweza: kushukuriwa. Kila Mama Sindano alipofungua kinywa kusema asante, alikatizwa. "Wifi, hapa si hotelini. Kunywa chai."

Basi shukrani zikamjaa kifuani, zikakosa pa kutokea. Ndipo akaanza kulitazama bafu.

Lilikuwa hukohuko darini, ubavuni mwa chumba chake, chini ya mteremko wa paa. Marehemu mume wa Mama Sindano ndiye aliyelijenga enzi za ujana, kabla hawajaoana, ili mama yake, aliyekuwa akilala chumba hicho, asihangaike kushuka ngazi. Alikuwa fundi wa magari, na kwa upande wa vigae alikuwa na moyo mkubwa kuliko ujuzi. Vigae vyake vilikaa kama meno ya mtoto yanayoota, hiki juu, hiki chini. Shawa aliifunga pale paa linaposhuka kabisa, hivyo aliyeoga alioga ameinama kama mtu anayetafuta kifungo kilichoanguka. Tangu mama mkwe alipofariki, hakuna aliyeliingia tena isipokuwa kuweka ndoo mbovu na magodoro ya zamani.

"Nataka kulitengeneza lile bafu," alisema asubuhi moja mezani.

Wifi akaweka kikombe chini. "Kwa fundi gani?"

"Mimi mwenyewe."

"Wewe unashona nguo."

"Napima, nakata, naunganisha. Bafu litanishinda nini?"

"Gauni likiharibika halinimwagikii sebuleni," wifi akajibu. Lakini hakumkataza.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwanamume mpole mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, ndiye aliyekuwa mwalimu wake. Alimwonyesha palepale kaunta jinsi ya kuzungushia tepu nyeupe kwenye meno ya bomba kwa kufuata upande wa kukazia, akaifungua, akamwambia arudie, akaifungua tena, mpaka mkono wa Mama Sindano ukazoea. Kisha akamwazima pimamaji lake, kifaa cha kuonyesha kama kitu kimekaa sawa.

"Macho yatakudanganya," alisema. "Hiki hakidanganyi."

Kazi ikaanza. Mama Sindano alijifunga kitambaa puani, akabandua vigae kwa tindo na nyundo, vumbi likamfanya mweupe mpaka kope. Mbao za sakafu karibu na choo zilikuwa zimelowa miaka mingi, zinabonyea kama mkate uliochovywa kwenye chai. Akazing'oa, akapigilia mpya, akazipaka dawa ya kuzuia maji. Ilipofika zamu ya ukuta ule uliokatwa na paa, hakuhangaika na rula. Alichukua karatasi anayokatia mitindo ya nguo, akaishika ukutani, akaikunja kufuata mteremko, akaikata, kisha akachora umbo lile juu ya kigae kwa chaki. Kigae cha kwanza kilivunjika. Cha pili kikaingia kama kola shingoni.

Balaa lilikuwa kwenye bomba. Alikuwa amefunga koki ya darini, asijue kwamba imechakaa na haibani tena. Alipobandua ubao wa nyuma ya sinki, akakuta kiungio kimefungwa kwa mpira mweusi na waya. Aligusa kidogo tu. Mpira ukaachia, maji yakamrukia usoni, na kabla hajapata kitambaa cha kuzibia yalikuwa yamekwisha kutafuta njia ya kwenda sebuleni.

Alisikia mlango wa nje ukifunguliwa chini, kisha maji yakapungua, yakakatika. Wifi alikuwa amefunga koki kuu. Sasa alisikia nyayo zake zikipanda ngazi, nzito, moja moja.

Wifi alitokea mlangoni na ndoo mkono mmoja, mataulo mkono wa pili.

"Nisamehe, wifi. Sebule yako…"

Wifi alikuwa ameinama, ameokota kile kipande cha mpira, anakigeuzageuza.

"Huu ni mpira wa baiskeli yangu," alisema taratibu. "Ile niliyokuwa naendea kazini. Nilikuta gurudumu halina mpira, nikamsaka mwizi mtaa mzima. Kaka yangu alikuwa akinisaidia kumsaka."

Wakatazamana. Mama Sindano ndiye aliyetangulia kucheka, wifi akafuata, wakacheka mpaka wakakaa kwenye sakafu iliyolowa. Halafu kicheko cha wifi kikabadilika sauti. Mabega yakaanza kumtetemeka, akajifunika uso kwa taulo.

Kwenye msiba wa kaka yake hakulia. Alikuwa akipanga viti, akipokea wageni, akiwabembeleza wengine. "Kila mtu alikuja kulia begani kwangu," alisema kutoka ndani ya taulo. "Mimi sikupata zamu."

Mama Sindano akamkumbatia, akampa zamu yake yote, bila kumharakisha.

Baadaye wifi alijifuta uso, akakunja mikono ya gauni. "Haya. Maji tumeshayavulia nguo. Nionyeshe tunaanzia wapi."

Tangu hapo wakawa mafundi wawili. Wifi alikoroga gundi ya vigae na kutoa amri. Mama Sindano alibandika, na mara nyingine alizitii. Siku moja, wote wamepiga magoti wakijaza saruji nyeupe kwenye nafasi za vigae, Mama Sindano aliona wifi ana mikono michafu na hana pa kukimbilia.

"Asante kwa kunifungulia nyumba yako," akasema haraka.

Wifi aliendelea kupaka. "Nilikuwa naiogopa nyumba hii," akasema. "Ilikuwa tupu mno. Usiku ule uliposema unakuja ndio nilipata usingizi. Sasa nikisikia cherehani juu, najua kuna mtu wangu. Kwa hiyo asante na wewe. Yaishe, saruji inakauka."

Bafu lilikamilika. Shawa ilihamia paa linapoinuka. Doa la sebuleni lilipakwa rangi, na Mama Sindano alirudisha pimamaji dukani pamoja na aproni aliyomshonea mwenye duka, yenye mfuko wa miwani.

Wifi ana bafu lake chini, tena kubwa zaidi. Hata hivyo kila Jumamosi utamwona akipanda ngazi na taulo begani. Anaoga kwa raha zake, anatoka ananukia sabuni, anakaa kitandani kwa wifi yake na kusimulia habari za watoto aliowapokea duniani na visa vya baba zao waliozimia mlangoni. Mama Sindano husikiliza huku akipindia pindo, na hakuna kati yao anayekumbuka chai mpaka imepoa.