Msambya wa Minana

Msambya wetu ulisimama mpakani, upande wetu wa ua wa mlamula, na minana walikuwa wameujaza viota mpaka matawi ya chini yakainama. Mti mzima ulipiga kelele kuanzia alfajiri hadi jua linazama. Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi ambaye alipenda kusahihisha daftari kimyakimya, alikuwa akitishia kuhamia shuleni na godoro lake. Hakuhama. Mimi kelele zile nilizipenda kupita kiasi, na mpaka leo siwezi kusema hivyo bila kuona haya.

Niliolewa Kaagya muda mfupi kabla ya vita. Mizinga ilipoanza kusikika kutoka kaskazini, na watu wa mpakani wakawa wanapita barabarani na mizigo kichwani, mama mkwe wangu hakuniambia nitazame barabara. Aliniambia nitazame ndege. Alisema mnana hajengi pasipo na watu. Anataka moshi wa jikoni, anataka watoto wa kumfukuzia mwewe, anataka migomba inayopaliliwa ili apate majani laini ya kuchana. "Siku utakapoona wamehama," aliniambia, "funga mzigo." Hawakuhama, nasi hatukufunga mzigo, na vita vilipokwisha nikabaki na tabia ya kuinua macho juu ya mti kila asubuhi kabla hata sijanawa uso.

Ndiyo maana nilikuwa wa kwanza kuona. Ugonjwa ulipoanza kuwachukua watu wa rika letu, nyumba zilifungwa moja baada ya nyingine. Baba alizikwa kibanjani, kati ya migomba yake, mama akafuata, watoto wakagawanywa kwa mashangazi, na kibanja kikaachiwa magugu. Minana wa nyumba ile hawakukaa. Wakati wa kujenga ulipofika tena, walikuja kwetu. Msambya wangu ulikuwa unanenepa kwa misiba ya wenzangu, na mimi nilikuwa ninatoka nje asubuhi, ninauona umejaa kuliko mwaka uliopita, ninafurahi. Kisha ninakumbuka wametoka wapi.

Jirani yangu wa ng'ambo ya mlamula alikuwa msusi wa mikeka. Tuliolewa karibu wakati mmoja, na tangu siku za mwanzo tuliitana munywani, rafiki wa kufa na kuzikana, neno tulilolitumia bila kulifikiria. Mumewe alikuwa mchuuzi wa samaki. Alivuka kwenda visiwa vya Muleba, akakaa huko na wavuvi wiki nzima wakati mwingine zaidi, akarudi na magunia ya samaki wakavu na zawadi. Zawadi kubwa kuliko zote ilikuwa mlango wa mbele, mlango mpana wa mbao ngumu aliouleta kutoka Bukoba mjini, akaupaka rangi ya buluu. Hakuna nyumba nyingine kijijini iliyokuwa na mlango kama ule. Munywani wangu alikuwa akiufuta vumbi kabla hajafuta mtoto kamasi.

Mumewe alikufa kwanza. Yeye alianza kukonda mwaka uliofuata. Binti yao wa pekee alikuwa mdogo, anaanza darasa la kwanza kwa mume wangu.

Alipokuwa hawezi tena kulima, alianza kuja kwetu. Alivuka mlamula na mkeka wake kwapani, akautandika chini ya ukuta panapopata jua, akaegemea, kuliani kwangu, na tukatazama ndege. Yeye alikuwa na maneno. Aliwatazama kwa macho ya fundi. Dume wa mnana hufuma kiota peke yake, majani kwa mdomo, kisha hujining'iniza chini yake akipiga mabawa na kumwita jike aje kukagua. Jike akiingia asiporidhika, basi. Kazi yote ni bure, dume anabomoa mwenyewe na kuanza upya. Munywani wangu alicheka mpaka akakohoa. Alisema wanaume wa Kaagya wangekuwa wanapimwa namna ile, nusu yao wangekuwa bado wanalala kwa mama zao. Alikuwa na dume wake mmoja aliyemchagua, wa tawi la chini, mvivu wa kufunga fundo, na kila kiota chake kilipobomolewa alimsimanga kwa Kihaya, taratibu, kama anamfundisha binti yake kusuka.

Nilizipenda siku zile. Nalisema wazi kwa sababu sijawahi kulisema mahali pengine. Nilipalilia harakaharaka, nilipika harakaharaka, ili nikae naye. Homa ilipomzuia kuja nilisikitika, lakini nikijichunguza vizuri ninaona nusu ya masikitiko ilikuwa kwa ajili yangu, kwa sababu mtu wa kutazama naye hakuja. Na hata hivyo nilikaa nikatazama peke yangu, na nikafurahi. Mwenzangu alikuwa anakwisha mbele ya macho yangu, nami sikuwahi kuwa na siku nzuri kama zile.

Wakati ule watu walikuwa wameanza desturi ambayo haikuwapo zamani. Mgonjwa akifikia hatua fulani, ndugu zake walikwenda kwa jirani mwenye mti mnene wakauomba. Hawakusema jeneza. Jeneza la mtu anayepumua halitajwi. Walisema wanataka mbao za milango. Mwenye mti naye aliuliza habari za milango, ikiwa mingapi na ya chumba gani, kisha akautoa, maana mti wa namna ile haunyimwi. Mbao zilipasuliwa, zikapangwa nyuma ya nyumba zikauke, na mgonjwa akapita karibu nazo akienda chooni. Misambya minene ilikuwa inakwisha kijijini, na kila mtu alijua imekwenda wapi.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuja kwetu wakati wa mvua za vuli. Munywani wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka wake pale ukutani. Shemeji alimsalimia, akamuulizia usingizi na chakula, kisha akatuvuta mimi na mume wangu kando ya jiko. Alisema anataka msambya. Ile nyumba, alisema, haina milango ya ndani. Wapasuaji wako kijiji cha jirani, wanaweza kufika kesho kutwa, na wakishaondoka hawajui watarudi lini.

Mume wangu alinitazama. Alikuwa na mzaha wake kwamba ule ni mti wa mama ndege, si wake, na siku ile akausema tena, lakini bila kutabasamu. Shemeji naye akanigeukia. Nilijua jibu linalotakiwa. Nilikuwa ninalo mdomoni. Lakini juu ya kichwa chake makinda walikuwa wanalia ndani ya viota, kila kiota, mama zao wakiingia na kutoka na wadudu, na nilichosema ni kwamba nitafikiri. Nilikwenda kufikiri juu ya mbao za kumzikia rafiki yangu kwa sababu ya ndege.

Niliporudi kukaa naye, hakuwa amegeuza kichwa. Masikio yake yalikuwa mazima.

"Mwambie shemeji asubiri," alisema. "Makinda waruke kwanza. Mimi nitangoja."

Nilicheka. Sikucheka kwa dharau wala kwa huzuni. Nilicheka kwa kupata nafuu, kama mtoto aliyeruhusiwa kucheza. Yeye alinitazama akacheka pia, kidogo, na nimeshindwa miaka yote hii kujua kama alikuwa anataka kweli kuwaona makinda wakiruka, au aliona uso wangu akanipa kile nilichokuwa ninakitaka. Jioni nilimpelekea shemeji maneno yale jinsi yalivyokuwa. Nilisema, amesema mwenyewe. Shemeji akasema kama amesema mwenyewe, sawa.

Wapasuaji walikwenda zao.

Hakungoja. Alifariki asubuhi ya mvua, kabla hata ya majirani kuwasha moto. Mbao hazikuwapo. Shemeji alituma watu Maruku, akatuma mjini Bukoba, barabara ilikuwa tope na kila fundi alikuwa na kazi za wengine. Mchana niliona wanaume wawili wakiung'oa mlango wa buluu. Waliulaza uani, wakaupima kwa kamba, wakaukata. Uliongezewa rafu za kabatini na jeneza likatosha, ubavu mmoja buluu, mwingine mbao tupu. Shemeji hakunitupia hata jicho, na ningependa angenitupia.

Tulikaa msibani chini ya mvua na jua, juu ya nyasi zilizotandazwa, hakuna aliyeshika jembe. Nyumba ilikuwa wazi, tundu jeusi mahali pa mlango, na mtu akitaka kutazama pengine macho yalikutana na msambya wangu. Minana hawakujua kuna msiba. Siku ya mwisho ya kukaa, wakati mchungaji anaomba, kinda mmoja wa tawi la chini, la yule dume mvivu, alijitupa kutoka kiotani. Alipiga mabawa vibaya, akashuka, akakaribia kugusa vichwa vya watu, kisha akainuka akakaa juu ya mlamula. Furaha ilinipanda kifuani kabla sijaikamata. Niligeuka upande wangu wa kulia nimwonyeshe.

Binti alichukuliwa na shangazi yake, Muleba. Nyumba ile ilibaki bila mlango na mbayuwayu wakaingia, wakajenga kwenye kenchi. Msambya wetu haukuombwa tena na mtu. Uliendelea kunenepa.

Binti alirudi akiwa mtu mzima, na watoto wake wawili, kuja kuifufua nyumba ya mama yake. Alipokwisha kuezeka alikuja kwangu, akapiga magoti kunisalimia, akasema ana shida moja. Anaomba msambya. Anataka mbao za mlango.

Niliona mlango kweli, nikaona na lile tundu. Nikamwambia auchukue, hata kesho. Yeye aliinua uso kutazama juu, na alipoinua uso alikuwa mama yake mzima.

"Mama, mbona kuna makinda," alisema. "Acha waruke. Mimi nitangoja."

"Usingoje."

Sauti yangu ilimtoa mume wangu ndani. Binti akafikiri amenikosea, akaanza kuomba radhi. Nilimshika mkono, nikamwambia tena, taratibu, asingoje, na sababu sikumpa. Nilikwenda mwenyewe kuwatafuta wapasuaji.

Mti ulipoanguka niliokota makinda kwa mikono yangu. Wengine walikuwa bado wana joto. Niliwafukia chini ya mgomba, nikanawa, nikaingia ndani, nikakaa huko mpaka msumeno uliponyamaza.

Mlango aliupaka buluu, bila kuambiwa na mtu. Msimu uliofuata minana walijenga kwenye mti wa uani kwake, karibu na moshi wake na kelele za watoto wake. Siku hizi mimi ndiye ninayevuka mlamula na mkeka kwapani. Watoto wake huniuliza kwa nini ninakaa upande mmoja tu, na mkeka ni mpana. Ninawaambia waje wakae.