Siku Ziwa la Bhuj Lilipofurika Fittja

Mama aliyekuwa akiongoza wageni katika kasri la Bhuj, huko Kachi, magharibi mwa India, aligeuka kuniambia nivue viatu, akakuta nimeshavivua na nimevishika mkononi. Akanitazama vizuri. Tangu langoni nilikuwa nimemtangulia, nikimwonyesha yeye njia: huku ni ukumbi wa vioo, kule ni chumba cha chemchemi ambamo mfalme alikaa katikati ya maji apate ubaridi, na ule mnara wa saa ni wa kasri la pili, la mfalme aliyekuja baadaye.

“Umewahi kuja?” aliniuliza. Alinisemesha Kiswahili aliposikia asili yangu ni Tanzania, kwani mumewe alizaliwa Mombasa na nyumbani kwao bado wanakizungumza. Nilimwambia ndiyo mara yangu ya kwanza. Akacheka, akadhani namtania. Ningemwelezaje, watu wamejipanga nyuma yetu, kwamba kasri hili nililizoea utotoni, Stockholm?

Wewe nitakueleza, kwa kuwa hatuna haraka.

Tulikaa Fittja, kusini mwa Stockholm, kwenye njia nyekundu ya treni za chini ya ardhi. Ilikuwa miaka ya sabini, maghorofa ni mapya, ngazi zinanuka rangi, na nje tope tupu, nyasi hazijaota. Baba aliletwa Sweden kusomea ufundi wa simu, akapata kazi, tukabaki. Ila hatukubaki kwa kusema tumebaki. Kila mwaka mpya Baba alitangaza, “Mwakani tunarudi,” na Mama akaacha sahani zake nzuri zikae kwenye boksi. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda changu, nusu limejaa. Hata leo sijui kukaa. Nimehamia Hallonbergen, nikahamia Fisksätra, palepale pembezoni mwa Stockholm, na kila nyumba ninayoingia naanza kwa kutazama mlango wa kutokea.

Jirani yetu wa mlango wa pili tulimwita Bibi. Alizaliwa Bhuj, akaozwa Kampala angali kigoli, akazeeka huko mpaka Wahindi walipofukuzwa Uganda. Alitua Sweden na mwanawe mmoja, ambaye alishinda kiwandani. Siku aliyobisha kwetu mara ya kwanza aliomba kitunguu kwa Kiswahili, na Mama, ambaye hakuwa amesemeshwa Kiswahili na mwanamke mwenzake tangu tufike, alimpa kitunguu huku analia.

Bibi alikuwa kiguu na njia. Alikula amesimama, alisali akitembeatembea, chai yake ilipoa juu ya friji. Jumamosi aligonga mlango asubuhi. “Kuja, toto. Leo tunaenda Bhuj.” Mimi nilimjibu kwa Kiswidi, “Kommer!” yaani nakuja, nikavaa buti. Tulipanda treni hadi mji wa kale, na kila kizuizi cha stesheni alikiita lango, maana Bhuj ilikuwa na malango matano na kadirisha ka sita ka kupitia waliochelewa. Jumba la mfalme wa Sweden lilikuwa ndilo kasri. Mnara wa halmashauri ya jiji ulikuwa mnara wa saa. Vilima vya Södermalm, ng’ambo ya mji wa kale, na upepo wake wa kukata masikio, vilikuwa ngome ya kilimani penye hekalu la nyoka, nami nilitazama chini ya kila jiwe. Siku moja katika vyumba vya kasri alivua viatu, akanivua na vyangu, tukapita na soksi juu ya sakafu inayong’aa. Mlinzi alikuja kutuambia si lazima. Bibi akamjibu kwa Kiswahili, kwa upole kabisa, “Baba, nyumba ya mfalme hii. Wewe mwenyewe vua.”

Lakini kilichomsumbua rohoni hakikuwa kasri. Lilikuwa ziwa. Katikati ya Bhuj kuna ziwa, na Kachi ni nchi kame, miaka hupita halijai. Mwaka linapojaa likafurika, mji mzima hufunga kazi. Shule zinafungwa, watu wanakwenda kutazama maji yakimwagika ukingoni, na kila mtu hugawiwa ladu, yale madonge ya unga wa dengu, samli na sukari. Bibi aliondoka Bhuj mwaka lilipofurika, mdomoni bado ana ladu. Alitaka kuliona tena mara moja kabla hajafa. Hakuomba kingine. Mvua ikinyesha Fittja alisimama dirishani akiihesabia Bhuj, kana kwamba mawingu ni yaleyale.

Mwaka mmoja mpwa wake alipiga simu kutoka Bhuj: mvua imeshika, ziwa linapanda. Bibi alifunga mzigo jioni ileile. Tatizo, hakuwa na nchi. Alikuwa na pasi ya wageni tu, na pasi ya namna ile huzungushwa kila dirisha. Alikwenda ubalozini, akarudi, akaenda polisi, akarudi. Mama alimwambia, “Bibi, mvumilivu hula mbivu.” Akajibu, “Binti yangu, chelewa chelewa utakuta mwana si wako.” Ruhusa ilipotoka tulimsindikiza uwanja wa ndege, naye hakutugeukia hata mara moja, mbio tu.

Alirudi baada ya wiki chache. Ziwa lilifurika akiwa bado anasubiri muhuri Stockholm. Alipofika ladu zimeshaliwa, maji yameshuka, na ukingoni wamebaki watoto wanaotafuta samaki kwenye matope.

Akakaa kitako. Nasema alikaa, ndugu yangu, kwenye kiti, mikono mapajani, siku baada ya siku. Chai ilipoa mbele yake. Jumamosi ilifika mlango haukugongwa. Mama alimpelekea uji, akarudi nao, akamnong’oneza Baba jikoni kwamba mwanamke yule ameamua kufa. Niliogopa sana. Sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima ametulia.

Basi nikaenda kwake kama ninayekwenda kunawa. Bafuni kwake kulikuwa na tundu la maji sakafuni. Nikaliziba kwa taulo. Nikaziba beseni la kuogea, nikafungua bomba zote mbili mpaka mwisho, nikasimama juu ya kigoda katikati, kama yule mfalme. Maji yalipanda taratibu. Yakafika ukingoni, yakajikusanya, yakamwagika. Yakapita chini ya mlango, yakaingia sebuleni, yakamlowesha Bibi nyayo.

Alizitazama. Kisha akaja mpaka mlangoni, akaniona juu ya kigoda.

“Nani alileta mvua hii?”

“Limefurika, Bibi,” nikasema.

Hakufunga bomba kwanza. Alisimama akatazama maji yakimwagika, akaweka viganja usoni, akalia kwa sauti kama mtoto. Ndipo akafunga bomba, akachomoa taulo, akaenda jikoni. Nilisikia samli ikichemka na kunusa dengu na iliki. Jirani wa chini, bwana wa Kiswidi, alipopanda na malapa yake kusema dari yake inavuja, Bibi alimpa ladu ya moto kabla hajamaliza. “Kula. Leo hakuna kazi.” Yule bwana hakuelewa neno hata moja. Alikula, akapewa ya pili, na siku hiyo hakuzungumzia tena dari.

Jumamosi mlango uligongwa.

Bibi alizikwa Stockholm miaka mingi baadaye, hakulifikia tena ziwa. Sasa Baba hayupo, Mama hayupo, na zile sahani ziko kwangu, bado kwenye boksi. Huku Bhuj nako tetemeko la ardhi liliangusha ghorofa ya juu ya kasri hili la vioo, na vioo vingi vikaanguka navyo.

Mwongozaji alinipeleka ziwani mwisho. Maji yalikuwa chini, ng’ombe wanatembea pembeni. Alisikitika kwa niaba yangu. “Umekuja mwaka mbaya. Likifurika ndiyo ungeona.”

“Nimewahi kuliona likifurika,” nikamwambia.

“Si ulisema hujawahi kuja?”

“Nilikuwa mtoto. Nilikuwa Stockholm, nyumbani kwa bibi wa hapa, bafuni.”

Nilingoja acheke tena. Hakucheka. Aliniuliza, “Ladu mligawiwa?”

“Tuligawiwa.”

“Basi uliliona,” akasema, akakaa ukingoni na kuniachia nafasi kando yake. Nikakaa.