Mama Anatoka Eda, Mimi Niko Uwanja wa Ndege

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "hitilafu ya kiufundi", damu inanipanda. Wanangu wananicheka. Wacheke tu, wao hawakukaa kwenye lile benchi la uwanja wa ndege.

Nilikuwa muuguzi Mwanza miaka ile ya biashara huria, maduka yamejaa sabuni za kila rangi na mashirika ya ndege ya watu binafsi yanaibuka kila kukicha. Zamani ndege ilikuwa ya serikali, ikichelewa unanyamaza, utamlalamikia nani? Sasa tukaambiwa mambo yamebadilika, mteja ni mfalme. Na mimi mjinga nikaamini.

Baba alifariki kwetu Mbuchi, kule delta, kusini ya Dar, nikiwa zamu. Habari zilinifikia siku ya nne, ameshazikwa na matanga yameshaanuliwa. Sikumlaumu mtu. Ukitoka delta mpaka upate simu inayofanya kazi ni safari nzima, na kwetu maiti haingoji mtu. Nililia stoo ya dawa, nikaosha uso, nikarudi wodini.

Mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi ndani, na nguo zake nyeupe. Siku ya kutoka anaogeshwa uani alfajiri, anavuliwa zile nyeupe, anavishwa kanga mpya, anafukizwa udi, ndipo anatoka mbele za watu. Katika ukoo wetu kata ya kwanza ya maji humiminwa na binti mkubwa, na kanga za kutokea huja naye huyo binti mkubwa, hazinunuliwi na mtu mwingine. Binti mkubwa ni mimi. Mdogo wangu wa kiume akaniandikia barua, mkono wake lakini maneno ya mama: eda inaisha Jumamosi, baba yako hukumzika, mimi usinikose.

Nikaomba likizo, nikapewa kuanzia Jumatatu. Nikanunua doti mbili nzuri, nikakata tiketi, nikajibu kwamba nakuja kwa ndege Alhamisi asubuhi na Ijumaa jioni nitakuwa mlangoni. Najua barua ile ilisomwa kwa sauti, shangazi na majirani wote wanasikiliza. Na niseme kweli, nilitaka wasikie.

Alhamisi nilifika uwanjani mapema kuliko hata wafagiaji. Saa nne, ndege hakuna. Saa sita, bwana wa kaunta, mtu mzima mwenye tai na kitambi, akatoka kutuambia kuna hitilafu ya kiufundi, tuwe na subira. Saa nane akatoka tena na maneno yale yale. Saa kumi na moja akasema ndege imekwama Kilimanjaro, safari ni kesho, tumpe tiketi azibadilishe tarehe. Hakuna soda, hakuna samahani. Akazikusanya tiketi zetu kama mtu anayekusanya madaftari ya darasa la pili.

Ijumaa ndege ilikuja. Niliiona kwa macho yangu mawili ikitua, nikamshukuru Mungu, nikajifunga ushungi vizuri. Bado nilikuwa na nafasi: nikifika Dar mchana nitapata gari la Kibiti, hata kama ni lori la mchanga nitapanda, nitavuka usiku, alfajiri nipo. Kisha likaja gari la kiwanda cha samaki. Wakaanza kupakia maboksi ya minofu ya sangara. Boksi juu ya boksi, yakitoa moshi wa barafu. Sisi tunatazama tu kupitia dirishani. Walipomaliza, bwana wa kaunta akatoka na karatasi, akasema kwa sababu ya uzito watapanda abiria tisa tu. Akasoma majina tisa. Langu halimo.

Jamani. Mimi mtoto wa Mbuchi, nimekula samaki tangu sijaota meno, leo naachwa uwanjani ili samaki apande ndege! Nilimwendea yule bwana nikampa za uso. Nilimwambia mtu aliyelipa nauli hawezi kushushwa kwa ajili ya kitoweo cha Wazungu. Nilimwita mshenzi, na sijutii. Yeye akawa anapanga karatasi zake tu, akasema nafasi iliyopo ni Jumatatu. Jumatatu!

Hapo ukali ukaniisha kidogo, nikaanza kubembeleza. Nikamweleza habari yote: baba, eda, kata ya maji, kanga zilizomo kwenye begi hili hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, tena kwa upole, na huo upole ndio ulioniudhi kuliko yote.

"Pole sana dada," akasema. "Sasa mama si angoje siku mbili tatu? Si yuko nyumbani tu?"

"Ndege zenu ndizo zinazosogezwa, bwana," nikamwambia. "Eda haisogezwi."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa neno la kigeni. Nadhani aibu ilimshika, maana alichukua kalamu, akakata jina la mtu mwingine kwenye orodha ya Jumamosi, akaandika langu. Huyo mtu mwingine sijui naye alikuwa anawahi nini. Sikuuliza. Nilichukua tiketi yangu nikaondoka.

Jumamosi adhana ya alfajiri ilinikuta nimekaa kitandani hosteli ya wauguzi, begi miguuni. Nilijua saa hiyo maji yameshatiwa vuguvugu. Nilijua wanawake wamejaa uani, wanaulizana amefika, hajafika. Nikapiga ngumi ukuta, mkono ukavimba, na ndivyo nilivyosafiri, mkono umevimba. Ndege ikaondoka saa tano kwa hitilafu nyingine ambayo hata hawakujisumbua kutueleza. Dar nikakuta mabasi ya kusini yameondoka tangu asubuhi. Jumapili nikapata la Kibiti, likala siku nzima kwenye mashimo. Jumatatu lori, kisha mtumbwi. Njia nzima nilikuwa naandika kichwani barua ya kuwashitaki, na kila nikipita kijiji naongeza tusi.

Mama nilimkuta nyuma ya nyumba anapepeta mchele. Amekonda. Amevaa kanga kuukuu nisiyoijua. Nilipiga magoti nikamshika mkono, nikalia, naye akanipigapiga mgongoni akisema pole na safari.

Mdogo wangu ndiye aliyenisimulia yaliyopita. Mama alikataa kuogeshwa alfajiri. Aliwaambia wanawake mwanangu anakuja kwa ndege, ndege haichelewi. Maji yakapoa, yakachemshwa tena. Jua likapanda. Mwisho shehe akatuma mtu kusema muda umetimia, mwanamke hana ruhusa ya kujiongezea eda. Shangazi akachukua kata akamimina. Kanga hakuna, kwa sababu zilikuwa begini kwangu, basi shangazi akavua mtandio wake mwenyewe na jirani akatoa kanga ya pili. Mama akatoka mbele ya watu na nguo za kuazima, mbili zisizofanana.

Niliposikia hivyo nikapandwa upya. Nikatoa zile doti nikaziweka mapajani mwa mama, nikaanza. Nikayamwaga yote, bwana wa kaunta na kitambi chake, hitilafu, Kilimanjaro, minofu ya sangara, biashara huria yenyewe. Nilisema nitawashitaki mpaka Dar. Mama aliuweka ungo chini akanisikiliza. Zile kanga alizipitishia kiganja mara moja, hakuzikunjua.

"Umemaliza?" akaniuliza.

Nikasema nimemaliza.

"Baba yako hukumzika, nikawaambia watu wasimseme mwanangu, kifo hakikumpa taarifa. Lakini siku ya kutoka kwangu uliijua tangu mwezi wa kwanza wa eda." Alisema taratibu, wala hakuwa amekasirika. "Garimoshi lilikuwa halipo?"

Lilikuwapo. Liliondoka Mwanza Jumatatu jioni, likizo yangu imeanza Jumatatu asubuhi. Muuguzi mwenzangu alilipanda, na Jumatano usiku alikuwa Dar kwa dada yake. Aliniomba twende pamoja. Nilimwambia mimi siwezi kukaa siku mbili daraja la tatu nikila vumbi, mimi nina tiketi ya ndege.

"Lilikuwapo, mama," nikasema.

Akatikisa kichwa, akauinua ungo, akaniambia nikaoge, maji yapo. Ile barua ya kuwashitaki sikuiandika. Hasira ninayo bado, ila tangu siku ile naijua ni ya nani.