Farasi wa Ukweni

Mwanamume wa mji wa Payakumbuh akioa huhamia kwa mkewe, na huko hupewa jina jipya la heshima na mahali pa kulala. Basi. Zulfahri, mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi, alipewa jina la Sutan Pamenan na kitanda kilichobonyea katikati. Nyumba ilikuwa ya mama mkwe, majaruba ya mpunga ya mama mkwe, na neno la mwisho lilikuwa la Datuk Mangkuto, kaka wa mke na mkuu wa ukoo. Sutan alikula vizuri, aliitwa kwa adabu, na kwa miaka sita hakuna aliyemuuliza anaonaje.

Alichotaka ni kuondoka. Binamu yake alimwekea nafasi kwenye duka la vitambaa kule mjini Pekanbaru, na nafasi yenyewe ingengoja mpaka mwezi wa mfungo, si zaidi. Lakini mkwe haondoki kama mwizi wa kuku. Lazima shemeji aridhie.

Datuk aliridhia, kwa sharti. Alikuwa amemnunua Kumbang, farasi dume mweusi, mfupi, aliyefukuzwa kwenye mashindano kwa kumng'ata mpanda wake.

"Mfundishe kuvuta gari la abiria," alisema huku akimenya ndizi. "Siku atakayonivuta mpaka sokoni na kurudi, begi lako nitalibeba mwenyewe."

"Na akiniua, Datuk?"

"Tutakuzika vizuri. Wewe ni mkwe, si paka."

Teke la kwanza lilimpata Sutan pajani, akachechemea siku nne huku akidai kaumwa na nyigu. Kila alfajiri alimsugua kwa makumbi ya nazi, akamchokoa kwato, akampa pumba zilizochanganywa na sukari guru. Kisha akamtia lijamu na kumwingiza kwenye jaruba lililokwisha kuvunwa, tope la magoti, akawa anamfuata nyuma na kamba mbili ndefu. Tope halibishani na mtu; farasi mwenye hasira humo huchoka mwenyewe. Na ukimsikia mtu anasema kiboko ndiyo dawa, jua kwamba mtu huyo kawaona farasi kwenye kalenda tu.

Wiki ya tatu Kumbang akavuta gogo la mnazi. Ya tano akafungwa ngozi kando ya macho asione pembeni, akasimamishwa kati ya miti miwili ya gari. Akatetemeka. Ubavu huu mti, ubavu ule mti, nyuma gari, hana pa kugeukia. Sutan alimwelewa kabisa.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la mtu akaaye ukweni, mwingine asingelifanya. Katika ua ule mzima kiumbe kilichomtii ni farasi peke yake. Akisema "twende, bwana," anakwenda. Akisema "taratibu, bwana," anapunguza. Utamu ukampanda kichwani. Datuk alipotaka kushika kamba aliambiwa bado. Bustamam, jirani mwenye gari lake la farasi, alipojitolea kumwendesha, alishukuriwa na kurudishwa kwake.

"Farasi azoee mikono mingi, Sutan," Bustamam alimwonya. "Wangu hata mke wangu anamwendesha, na mke wangu anaendesha kama anafukuza mbu."

"Wako mzee. Hata mbuzi angemwendesha."

Siku nne kabla ya mfungo Datuk alipanda garini na kofia mpya, akashika hatamu mwenyewe, Sutan amesimama kando. Majirani wakatoka kutazama.

"Haya," alisema Datuk.

Kumbang akasimama kama nguzo. Hatamu zikatikiswa. Akarudi nyuma hatua tatu, gurudumu likaning'inia juu ya mfereji.

"Mwimbie, Datuk," Bustamam akasema. "Labda anataka kubembelezwa."

Datuk hapendi kuchekwa. Akachapa mjeledi, mara ya kwanza, mara ya pili. Mstari wa damu ukatokea shingoni, na farasi, macho yamezibwa pembeni, akawa anamtafuta Sutan kwa masikio.

"Kesho anakwenda kwa mchinjaji," alisema Datuk. "Nawe Sutan nenda zako Pekanbaru. Umejitahidi."

Neno alilolingoja miaka sita ndilo hilo. Alichotakiwa ni kunyamaza, kazi aliyoizoea kuliko zote. Mjeledi ukainuka tena.

"Twende, bwana," alisema Sutan, polepole.

Kumbang akaondoka kwa mwendo laini, na Sutan akakimbia pembeni akimsemesha mpaka sokoni na kurudi, Datuk ameketi juu kama bwana harusi. Datuk aliposhuka, fizi zote zilikuwa nje kwa furaha. Akamkabidhi Sutan hatamu kwa mikono miwili.

"Shemeji, nilikuwa nakudharau. Kuanzia leo gari hili unaliendesha wewe. Pekanbaru utafuata nini?"

"Nitamfundisha aisikie sauti yako, Datuk. Miezi miwili tu."

"Mimi na vikao vya ukoo, nitapata wapi nafasi ya kuzungumza na farasi?"

Jioni Sutan alikuwa bandani, anampaka Kumbang mafuta ya nazi na manjano kwenye kidonda. Mkewe, Yusmaniar, akasimama mlangoni.

"Nguo zako nilishazipanga begini. Nizitoe?"

"Acha kwanza."

"Mpaka lini?"

Farasi alikuwa amemwegemezea kichwa begani, kizito kama gunia la mpunga, na Sutan hakuweza hata kugeuka amtazame mke wake.