Viatu vya Harusi kwa Mguu Mpana

Miguu yangu ni mipana. Si mirefu, ni mipana tu: kisigino ni cha kawaida kabisa, lakini mguu ukielekea vidoleni unatanuka kama jembe. Baba alikuwa na miguu ya namna hiyo, na dada yake pia, na babu yetu mzaa baba ndiye aliyetuzidi sote. Babu alimaliza ujana wake akiwa mpagazi, akibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji mpaka pwani na kurudi na majora ya kitambaa. Njia ile ya misafara ilipita kando ya mashamba yetu ya mihogo, na nilipokuwa mdogo bado ilionekana, ingawa hakuna aliyeipita ila sisi tukienda kisimani. Kijijini hakuna aliyeuona mguu mpana kuwa jambo la kuzungumza. Sote tulitembea pekupeku.

Mambo yalibadilika mama yangu alipofariki, nikapelekwa Tabora mjini kukaa na shangazi yangu huko Kanyenye. Shangazi alikuwa mjane asiye na mtoto, na alikuwa fundi cherehani. Aliweka cherehani yake ya miguu barazani, akashona sare za shule, makanzu ya wanakwaya na magauni ya wake za makarani. Enzi hizo Waingereza walikuwa bado wanatutawala, na Jumapili wake za makarani walikuwa wameanza kwenda misa na viatu vya visigino virefu. Wakipita mbele ya baraza letu, shangazi aliacha kukanyaga cherehani. Nilidhani anatazama mishono. Baadaye niligundua kwamba macho yake yalikuwa chini, kwenye viatu.

Yeye mwenyewe nyumbani alivaa katambuga, zile ndara za mpira wa gari, na kanisani alivaa viatu vyeusi vya kiume chini ya gauni refu alilolishona mpaka likaribie kufagia sakafu.

Nilipoposwa nilikuwa nimetoka utoto si zamani. Mchumba wangu alikuwa karani wa stesheni ya reli, kijana mpole, mzaliwa wa Igunga, aliyezoea kufikiri kidogo kabla ya kujibu hata ukimsalimu. Kazi yake ilimpeleka Dar es Salaam mara kwa mara. Siku moja alikuja barazani, akamwamkia shangazi, akasema atasafiri, na kwamba angependa kuninunulia viatu vya harusi huko, maana amesikia ndiko vinakopatikana vizuri. Mimi nilikuwa uani nikichambua mchele. Shangazi aliniita, akapima mguu wangu kwa uzi, toka kisigino hadi ncha ya kidole gumba, akaukata uzi na kumpa. Nikarudi kwenye mchele wangu. Sikusikia walichozungumza baada ya hapo.

Viatu vilikuja kwenye boksi, vimezungushiwa karatasi laini. Mpaka leo sijaona vingine vilivyonipendeza vile. Vilikuwa vyeupe kama maziwa, visigino vyake vyembamba, mbele vimechongoka, na juu ya kila kimoja kulikuwa na ua dogo la utepe lenye shanga katikati. Mchumba wangu aliviweka juu ya meza ya shangazi, kati ya mkasi na vipande vya vitambaa, akasimama na kofia yake mkononi. Nilimshukuru, na nilimshukuru kwa moyo. Kisha nikaingia navyo chumbani.

Urefu ulikuwa sawasawa. Lakini vidole havikuingia. Nilisukuma, nikakaa kitandani nikavuta kwa mikono miwili, na mguu ukaingia hadi nusu tu, nyama ya pembeni ikafura juu ya ukingo wa kiatu. Nilivivua na kuvirudisha kwenye boksi. Nilipotoka, mchumba wangu aliuliza, "Vimekaa?"

"Vimekaa," shangazi alijibu kabla yangu.

Mchumba wangu alipoondoka, shangazi alisema ngozi mpya ni ngumu, italegea. Alijaza viatu kunde mbichi zilizolowekwa ili zikivimba zivitanue. Kunde zikavimba, zikaota, chumba kikanuka, na viatu vikatanuka kidogo sana. Akaniambia nivivae nikiwa nafagia. Nilivivaa nikiwa nafagia, nikiwa napika, nikiwa nampelekea chai barazani, nikishika ukuta kama mgonjwa. Nilipata malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine juu ya yale. Shangazi aliyapaka mafuta ya nyonyo mwenyewe, akiwa amepiga magoti, bila kuniangalia usoni.

Nikaanza kuzunguka madukani. Nilifikiri pengine nitapata vingine vyeupe vinavyofanana, vipana zaidi, nivivae bila mtu kujua. Nilipita maduka yote ya Wahindi pale Kanyenye. Kulikuwa na viatu vya kike vizuri, vyote vyembamba kama maganda ya maharagwe. Vipana vilikuwa vya kiume, au raba za turubai, au vile vyeusi vizito vya manesi. Wauzaji wengine walinicheka. Mmoja aliita wenzake waje watazame.

Katika duka la mwisho alikuwepo mama mmoja wa Kihindi, mke wa mwenye duka, amekaa kwenye stuli nyuma ya kaunta. Alishusha maboksi yote ya juu, akanipa kimoja baada ya kingine, na alinisaidia kuvaa kwa mikono yake. Hakuna kilichoingia. Akaketi, akainua sari yake kidogo, akanionyesha miguu yake ndani ya kandambili. Ilikuwa mipana kama yangu.

"Mimi nakaa katikati ya viatu mwaka mzima," alisema, "na sina hata kimoja. Wanaotengeneza huko Ulaya hawajui sisi tupo."

Hakuweza kunisaidia, lakini nilitoka dukani kwake nikiwa na afadhali.

Jumapili iliyofuata mchumba wangu alinisindikiza kutoka kanisani. Nilikuwa nimevaa ndara, lakini vidonda vilikuwa vibaya na nilishindwa kuficha kuchechemea. Alipunguza mwendo ili twende sawa.

"Miguu ina nini?" aliuliza.

"Nimejikwaa."

"Yote miwili?"

Niliendelea kuchechemea. Tulipofika barazani alinivutia kiti, akasema kwa upole, "Hebu nione." Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena mbele yake, hata kwenye uzazi. Nilitoa mguu kwenye ndara. Aliutazama, na vidonda vyake, kwa muda. Kisha akamgeukia shangazi, aliyekuwa anatoka ndani na kiberiti cha kuwashia jiko.

"Shangazi, mimi nilikuuliza upana. Ukaniambia mguu wake ni mwembamba, kama wa mama yake."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angesema kwa ukali, kwa sababu shangazi alikuwa hodari wa kujibu watu wakali. Aliweka kiberiti chake juu ya cherehani. Mimi nilishangaa, maana nilidhani kosa lote ni la miguu yangu.

"Ni kweli," shangazi alisema. "Nilikudanganya."

Akaketi kwenye kiti cha cherehani. Alianza kueleza kwa Kiswahili, akaingia kwenye Kinyamwezi, ambacho mbele ya wageni hakukitumia kamwe. Alisema alipokuwa msichana kwenye shule ya misheni, baadhi ya wasichana waliletewa viatu na ndugu zao wa mjini, na siku moja walimwambia ajaribu. Wakamshika, mmoja mguu, mwingine kiatu, wakasukuma huku wakicheka mpaka kiatu kikachanika ubavuni. Kuanzia siku hiyo wakamwita Mpagazi. Walimwita hivyo mpaka anaondoka shuleni. Hata siku ya harusi yake, mmoja wao alikuja, akamwita hivyo mlangoni mwa kanisa, naye alikuwa pekupeku chini ya gauni alilolishona mwenyewe.

"Babu yenu alikuwa mtu wa heshima," alisema, akinitazama mimi. "Alikwenda na kurudi, wenzake wengi hawakurudi. Mimi sikuona haya kwa ajili yake. Lakini nilitaka mguu wa nyumba hii uingie kwenye kiatu kizuri, hata mara moja. Nikafikiri nikisema ni mwembamba, utakuwa mwembamba."

Alifuta macho kwa kipande cha kitambaa kilichokuwa juu ya cherehani. Nilikuwa na hasira, lakini hasira hiyo haikupata pa kusimama. Nilihamisha kiti changu, nikakaa karibu naye.

Mchumba wangu alifikiri, kama kawaida yake, kisha akasema, "Gongoni kuna fundi anayetengeneza makubadhi. Twende tukamwone. Twende sote watatu."

Fundi yule alikuwa mtu mzima wa Kiislamu, mwenyeji wa Tabora toka enzi za baba yake, na kibanda chake kilinuka ngozi na gundi. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akatukaribisha kwenye mkeka. Mchumba wangu aliweka mbele yake viatu vya Dar es Salaam na kumwuliza kama anaweza kuvipanua.

Fundi alivigeuzageuza. "Nikivipasua vitakufa," alisema. "Ngozi yake ni nyembamba, haina pa kushika uzi. Hivi viacheni vilivyo. Mimi naweza kumtengenezea binti vingine. Lakini niwaambie mapema, ngozi nyeupe sina, ninayo ya mbuzi, rangi ya mchanga. Na kisigino kirefu namna hii sikiwezi. Nimejaribu kwa mtu mmoja, akaanguka."

Nilitazama viatu vya Dar es Salaam. Nilijua sitavivaa.

Shangazi alisogea karibu na fundi. Alishika kipande cha ngozi ya mbuzi, akakikunja, akapitisha kidole gumba juu yake.

"Nikikufunikia ngozi hii kwa kitambaa, gundi yako itashika?"

"Kitambaa gani?"

"Satini. Imebaki ya gauni lake la harusi."

"Itashika, dada, kama hutaivuta sana. Lakini lazima ikatwe kabla sijapiga soli."

Hapo wawili hao walisahau kwamba tupo. Walibishana juu ya kingo, na mshono upite wapi usiguse kidonda. Fundi alitaka mbele pawe duara kama kubadhi, shangazi akataka pachongoke. Wakakubaliana: mguu ukae ndani kwa nafasi yake, lakini kitambaa kikunjwe mikunjo midogo kuelekea katikati, ili jicho lione wembamba ambao haupo. Kisigino kingekuwa kifupi, cha ngozi iliyopangwa tabaka juu ya tabaka. Kisha shangazi akamwomba mchumba wangu ruhusa, akachukua mkasi mdogo, akatoa yale maua ya utepe kwenye viatu vya Dar es Salaam.

"Haya ni yake," alisema. "Umemletea wewe, atayavaa."

Fundi alinisimamisha juu ya kipande cha ngozi na kuuchora mguu wangu wote, kila uvimbe wake, taratibu. Alipomaliza alimwambia shangazi, "Nawe weka mguu, dada. Nikishaanza naweza kufanya vya watu wawili."

"Mimi nimezeeka," shangazi alijibu, akavuta gauni lake chini.

Siku ya harusi nilivaa viatu vile. Sitasema vilikuwa vizuri kama vile vya kwanza. Satini ilikuwa na doa dogo la gundi karibu na kisigino, na kiatu cha kulia kililia kila nilipokanyaga, kwiki, kwiki, kanisa zima likisikia, mpaka padre mwenyewe akainua macho kwenye kitabu chake. Lakini vidole vyangu vililala huko ndani kila kimoja mahali pake. Nilitembea kutoka mlangoni mpaka altareni bila kushika mtu. Nje, mke wa karani mmoja alinishika mkono akaniuliza viatu hivi vimetoka duka gani. Nilimwelekeza Gongoni. Alidhani namtania.

Mume wangu alihamishiwa stesheni ya Kigoma baada ya muda mfupi, tukaondoka. Viatu vya Dar es Salaam nilimwachia binamu yangu mwenye mguu mwembamba, akavishonea vifungo mahali palipokuwa na maua. Kila nilipopata nafasi ya kurudi Tabora nilipita Gongoni, fundi akanitengenezea jozi nyingine. Mbele ya mkeka wake nilianza kuwakuta wanawake wengine, Waislamu na Wakristo, na mara moja nilimkuta yule mama wa Kihindi ameweka mguu wake juu ya ngozi, amekaa sawasawa kama anayepigwa picha. Tulicheka pamoja.

Safari moja nilishuka kwenye treni asubuhi na kwenda moja kwa moja Kanyenye, nikiwa na mtoto mgongoni. Shangazi alikuwa barazani anashona na hakuniona nikija. Miguu yake ilikuwa juu ya pedali, ikienda juu na chini, ndani ya viatu vyekundu vilivyofunikwa kitambaa, vyenye mikunjo midogo mbele. Gauni lake lilikuwa fupi kuliko nilivyozoea. Lilimfika chini kidogo ya magoti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Alinyanyuka, akampokea mtoto, akambusu. Kisha akamvua soksi na kutazama mguu wake kwa muda mrefu, akiupimapima kwa kiganja.

"Huyu naye," alisema, na akacheka kwa raha.